Duka Lifunguke Kesho Yake: Mwongozo wa Kuandaa Biashara Ndogo kwa Dharura, kutoka Lamu

Kila masika yakikaribia, maswali ni yaleyale. Mama wa mahamri wa Langoni anauliza mtungi wa gesi auweke wapi. Kijana wa M-Pesa anauliza mtandao ukilala afanye nini na foleni. Mwenye duka la vinyago pale ufukoni anataka kujua kama bima ina maana yoyote kwa mtu wa shelfu tatu. Na yupo yule asiyeuliza, anayesema tu, "Ami, tumwachie Mungu." Huyo nimemjibu mara nyingi: hata nahodha mcha Mungu hushusha nanga. Nimechoka kujibu barazani mmoja mmoja, basi nimeyaandika yote pamoja.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ndogo: duka la rejareja, genge la mboga, vyerehani viwili, kibanda cha chai, boti moja ya abiria. Mifano mingi ni ya Lamu kwa sababu ndiko nilikouza unga na sukari miaka mingi, lakini mtu wa Malindi hatapotea njia.

Wengi huanza kwa kuorodhesha majanga. Orodha inakuwa ndefu, inawatisha, wanaifunika. Mimi huorodhesha vitakavyokosekana, maana hivyo ni vichache. Barabara ikikatwa na mafuriko au lori likipinduka, kwako wewe ni kitu kimoja: mzigo haukufika. Nguzo ya umeme ikianguka au nchi nzima ikiingia gizani, kwako ni kitu kimoja: friji imezima. Ukijiandaa kwa upungufu sita, umejiandaa kwa majanga sitini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari jipya la kurasa 96 na penseli. Nimesema penseli, na sababu utaikuta mbele.
- Simu yenye kamera.
- Pipa dogo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lile la kuwekea unga au siagi ya jumla.
- Tochi, na betri zake ziwekwe kando, zisikae ndani ya tochi.
- Ndoo mbili za mchanga mkavu.
- Mtu mmoja unayemwamini ambaye haishi nyumbani kwako, ikiwezekana haishi hata mji wako.
- Jioni mbili za utulivu baada ya kufunga duka.

Pesa nyingi hazihitajiki kwa kuanzia. Mtungi wa kuzimia moto na sola vitakuja baadaye, kadiri ya uwezo.

Hatua ya 1: Andika upungufu wako sita

Fungua daftari, uandike vichwa hivi, kila kimoja ukurasa wake: mzigo haukufika, umeme hakuna, mtandao hakuna, wateja hawaji, duka limeungua au limelowa, mimi mwenyewe sipo.

Chini ya kila kichwa andika lini kiliwahi kukufika, na uliishije. Usiseme hujawahi kupatwa. Kafyu ya usiku iliyowekwa hapa Lamu Julai 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, ilikaa miezi, na wavuvi wa usiku wakakosa kazi. Machi 2020 ikaja kafyu ya korona nchi nzima, na Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi, Malindi ikiwemo, kwa hiyo mwenye duka wa Malindi alikuwa na mji wake tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilikosa umeme. Novemba mwaka huohuo mafuriko yakaikata barabara ya Garsen kuja Lamu pale Lango la Simba, na watu wakavushwa kwa boti badala ya basi. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kukokota.

Miaka kumi, na orodha hiyo haijagusa moto wala ugonjwa wa mwenye duka.

Hatua ya 2: Jua siku yako moja ni shilingi ngapi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo wanapoangukia. Unatakiwa ujue duka likifungwa siku moja, shilingi ngapi zinaondoka bila kuingia hata moja.

Chukua mfano. Kodi ya duka 6,000 kwa mwezi. Kijana wa kusaidia 9,000. Umeme 1,500. Matumizi ya nyumbani 18,000. Jumla 34,500. Gawanya kwa siku 30, unapata 1,150 kwa siku. Duka likifungwa wiki mbili, unahitaji 16,100 ili usimkope mtu na usile mtaji. Ukiweka 200 kila siku, siku 81 zimekutosha.

Kosa la kwanza ni kuacha matumizi ya nyumbani nje ya hesabu. Duka likifungwa watoto hawafungi kula, na kitakacholiwa ni mtaji. Nimeona maduka mawili yakifa hivyo bila moto, bila maji: mwenyewe alilazwa hospitali wiki tatu, akarudi akakuta shelfu zimegeuka chakula cha nyumbani.

Kosa la pili ni kuita floti akiba. Floti ya M-Pesa, ile pesa ya kuhudumia wateja wanaoweka na kutoa, ni chombo cha kazi, kama vile mizani. Ukiitoa, biashara ya wakala imesimama, na sasa una shida mbili.

Akiba hii ikae mahali pawili: sehemu kwenye akaunti au sacco, na sehemu pesa taslimu nyumbani, noti ndogondogo. Siku mtandao umelala, laki moja kwenye simu hainunui hata mkate wa mofa.

Hatua ya 3: Okoa daftari la deni kabla ya kuokoa bidhaa

Nilikuwa na daftari la deni la jalada jekundu, nalitundika kwa kamba kwenye msumari nyuma ya kaunta. Masika moja mvua ilinyesha usiku kucha, mfereji wa juu ya dari ukaziba kwa majani, na maji yakatafuta njia yake. Asubuhi unga ulikuwa mzima, sukari nzima. Daftari ndilo lililokuwa limenyonya maji yote. Nilikaa barazani nikijaribu kubandua kurasa kwa kisu cha siagi. Zilikuwa zimeshikana, na wino wa buluu umetapakaa hadi jina la mtu limekuwa doa. Nilisoma "Bi" na sikujua ni Bi nani. Watu waaminifu walikuja wenyewe. "Ami, mimi nilikuwa na mia nane na hamsini." Wengine walisahau, na siwezi kuapa kwamba walisahau makusudi.

Tangu siku hiyo naandika deni kwa penseli. Penseli hailoweki. Karatasi itakunjamana, lakini ukiikausha kivulini unasoma.

Fanya hivi:

a) Kila Alhamisi jioni piga picha kila ukurasa wa deni wenye maandishi mapya. Itume kwa yule mtu wako wa mbali. Picha ikibaki kwenye simu yako tu, simu ikizama pale Mokowe wakati wa kupanda boti, imezama nayo.

b) Piga picha na utoe nakala ya kitambulisho, leseni ya biashara, cheti cha PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), mkataba wa kodi ya duka, risiti za friji na vyombo vikubwa, na karatasi za bima kama unayo. Nakala zitie ndani ya lile pipa la mfuniko. Pipa likae juu, karibu na mlango, mahali mkono wako unafika gizani.

c) Andika kwenye karatasi namba za simu za watu kumi: wauzaji wako wa jumla, mwenye boti, hamali, mwenye nyumba, fundi umeme, jirani wa kushoto na wa kulia. Ongeza 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Jaribu sasa hivi kutaja namba tatu kwa kichwa bila kufungua simu. Naam.

d) Mara moja kwa mwezi zunguka duka na simu, urekodi video ya shelfu zote huku ukisema tarehe. Dakika tatu tu. Siku ya kumthibitishia mtu wa bima au chama ulikuwa na nini, video hiyo itasema badala yako.

Hatua ya 4: Moto

Mji wetu ulijengwa watu wapite na punda wapite. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani mtu na mzigo wake hupishana na ukuta, sembuse gari la zimamoto. Ukuta wa mawe ya matumbawe hauungui kirahisi, lakini juu kuna makuti na boriti, na wakati wa kaskazi makuti hukauka hadi yanalia ukiyagusa. Cheche moja na upepo, moto unaruka paa hadi paa. Maana yake ni kwamba zimamoto wa dakika tano za kwanza ni wewe na jirani.

Anza na dumu la petroli. Najua unalo. Wenye boti wengi huweka mafuta ya mashine dukani, chini ya kaunta, "mpaka alfajiri tu". Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukatafuta jiko la jirani. Dumu lilale nje, kivulini, penye hewa, mbali na moto wa mtu yeyote.

Kisha gesi. Mtungi usimame wima, penye dirisha au mlango. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja: funga, fungua milango, usiwashe taa wala kuizima. Usijaribu kwa kiberiti. Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo na nikaondoka pale mbio bila aibu.

Umeme nao: soketi moja isibebe friji, pasi, birika na chaja tano. Plagi ikiwa na joto mkononi au imebadilika rangi, ita fundi leo.

Ukiweza, nunua mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, ule wa kilo 6. Utundike karibu na mlango, usiuweke jikoni ambako moto utakuzuia kuufikia. Mshale wa kipimo ukae kwenye kijani, uutazame kila mwezi, na mtungi upelekwe kwa fundi wake kila mwaka. Kuutumia: vuta pini, lenga chini ya moto pale unapoanzia, bana mkono, piga kushoto na kulia. Utaisha ndani ya sekunde chache, basi usianzie mbali. Na simama mgongo wako ukiwa upande wa mlango.

Makosa yanayounguza watu:

- Kumwagia maji mafuta ya kukaangia yaliyowaka. Yatalipuka juu hadi kwenye makuti. Zima gesi, funika karai kwa mfuniko au sinia, liache palepale hadi lipoe.
- Kumwagia maji kitu chenye umeme kabla ya kuzima swichi kuu.
- Kutupia unga wa ngano ukidhani ni mchanga. Unga unawaka.
- Kurudi ndani kuchukua pesa. Ndiyo maana pipa liko mlangoni.

Hatua ya 5: Maji ya juu na maji ya chini

Mwenye duka la ufukoni anajua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lakini haandiki kwenye kalenda. Andika. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye, na kubwa zaidi ni zile za karibu na Machi na Septemba. Zile za mwisho wa Machi na Aprili ndizo za kuogopa, kwa sababu masika nayo inagonga mlango: bahari imejaa, mvua inanyesha, na maji ya mtaro hayana pa kwenda.

Gunia lisiguse sakafu. Tengeneza chaga za mbao, urefu wa shubiri mbili, na uache nafasi ya kiganja kati ya gunia na ukuta, kwa kuwa ukuta wa mawe hunyonya unyevu na kuutapika kwenye unga wako. Vitu vya makopo na chupa viwe chini, vya karatasi na nguo viwe juu. Friji ipandishwe kwenye matofali. Kabla ya masika panda juu usafishe mifereji ya paa, na makuti yaliyooza yabadilishwe Februari wakati mafundi hawajashikika.

Hatua ya 6: Mzigo usipofika

Fuata kilo moja ya sukari kutoka Mombasa. Inapanda lori, inapita Malindi, Garsen, Witu, inafika Mokowe, inashushwa kwa hamali, inapanda boti, inavuka, inashushwa tena jetini, inapanda punda au mkokoteni, ndiyo inaingia dukani. Mahali pengi pa kukatikia. Kusi likivuma Juni na Julai hata ule mvuko mfupi unaweza kukuletea gunia lililolowa.

Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jaza bidhaa za wiki tatu. Zisiwe bidhaa zote. Chukua daftari la mauzo, tafuta vitu kumi na viwili vinavyotoka kila siku: unga, mchele, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, viberiti, sabuni, maziwa ya muda mrefu, nepi, betri, tambi. Hivyo tu. Kosa ni kujaza ulichopata kwa bei nafuu. Katoni ishirini za biskuti hazitamlisha mtu barabara ikifungwa, na panya watazigundua kabla yako.

Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Andika tarehe ya kuingia kwa kalamu nene upande wa mbele wa katoni.

Uwe na wauzaji wa jumla wawili, na wa pili mnunulie angalau mara moja kwa mwezi hata kama bei yake imezidi kidogo. Hamna atakayekukopesha siku ya shida ikiwa ndiyo siku ya kwanza anasikia sauti yako.

Na jambo la bei. Barabara ikikatika, gharama ya boti itapanda, na utapandisha bei, hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Lakini kuuza kwa bei maradufu mzigo ulioununua kwa bei ya zamani, hilo watu wa mji mdogo hawalisahau. Mtaa wangu bado unamtaja mtu kwa bei yake ya mafuta ya taa.

Hatua ya 7: Umeme na mtandao

Umeme ukikatika, usifungue friza. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi kama saa 48; ya nusu ni kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kwa hiyo nafasi tupu kwenye friza ijaze chupa za maji ugandishe. Chomoa friji, na umeme ukirudi subiri kama dakika kumi utulie, maana ule unaorudi kwa kishindo ndio unaounguza mashine. Kuna vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyofanya kazi hiyo ya kusubiri. Bei yake ni ndogo mbele ya friji.

Nunua tokeni za umeme kabla hazijaisha. Simu ya biashara iwe na chaji nusu au zaidi wakati wa kufunga duka, na uwe na betri ya akiba ya kuchajia. Laini mbili za kampuni mbili.

Mtandao wa pesa ukilala, kuna wezi wanaoamka. Mtu anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma. Ujumbe kwenye simu yake ni wake. Mpaka pesa ionekane kwenye salio lako, haijafika. Unayemjua mwandikie deni kwa penseli, usiyemjua mwambie kwa adabu arudi mtandao ukiamka. Weka kasha la chenji la shilingi elfu mbili au tatu za sarafu na noti za hamsini na mia, lisiguswe siku za kawaida.

Hatua ya 8: Wateja wakikosekana, na wewe ukikosekana

Kama unamtegemea mgeni wa ndege peke yake, tafuta kitu kimoja ambacho jirani yako atakinunua mwezi wa Juni, wageni wakiadimika. Fundi wa vinyago ninayemjua alitengeneza vitanda na milango ya wenyeji kipindi chote cha korona. Mwenye boti ya matembezi alibeba kuni na maji. Si lazima kiwe na faida kubwa, kilipe kodi tu.

Kuhusu wewe mwenyewe: andika ukurasa mmoja uitwao "Nisipokuwapo". Nani ana ufunguo wa pili. Bei ziko wapi. Nani anadaiwa na nani anadai. Mzigo unaagizwa kwa nani na siku gani. Usiandike namba ya siri hapo. Kisha umsomee mkeo, mumeo au mwanao mkubwa kwa sauti, ujibu atakachouliza. Maswali yake ndiyo matundu ya ukurasa wako.

Hatua ya 9: Bima, kwa anayefikiria

Maoni yangu: mwenye genge la shilingi elfu kumi aweke akiba. Mwenye bidhaa za laki nne chini ya makuti aulize bima. Wengi hapa hawapendi bima ya kawaida kwa sababu za dini, na Kenya ipo ya takafuli, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, uliza.

Uliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Je, mafuriko yamo? Bima ya moto mara nyingi haiyabebi mpaka uyaongeze. Je, fujo na ugaidi vimo? Kwa kawaida hununuliwa kando. Je, wanajua paa langu ni la makuti? Ukificha, umewapa sababu ya kukataa. Na ya nne ni thamani. Ukiwa na bidhaa za 400,000 ukasema ni 200,000 ili ulipe kidogo, siku bidhaa za 100,000 zikiungua unaweza kulipwa 50,000 tu, kwa kuwa uliikatia nusu. Wakala akikuharakisha kwenye maswali haya, mwage.

Hatua ya 10: Jaribio la saa mbili

Chagua asubuhi moja isiyo na kazi nyingi. Zima swichi kuu. Zima data. Uza hivyo saa mbili.

Mara yangu ya kwanza kijana wangu alitafuta tochi dakika kumi na moja, akaikuta kwenye droo ya mizani, betri zimevuja ndani na kuota ukungu mweupe, kifuniko hakifunguki hata kwa koleo. Chenji iliisha kwa mteja wa tano. Mzani wa umeme haukufanya kazi, na ule wa mawe tulikuwa tumemwazima mtu tangu Ramadhani. Hayo yote hayakuwa kwenye daftari langu zuri. Rudia jaribio kila Machi na kila Oktoba, siku hiyohiyo unapojaza mzigo.

Mambo yakikwama

*Siwezi kuweka 200 kwa siku.* Weka 50. Siku ya mauzo makubwa, wakati wa Maulidi au sikukuu, weka 1,000 kabla hujafika nyumbani.

*Akiba naiweka, naila.* Basi haipo mbali vya kutosha. Iwe kwenye akaunti isiyotoka mpaka tarehe fulani, au kwenye chama ambacho watu watatu hutia sahihi ndipo pesa itoke. Chama nacho kiandike mapema ni dharura ipi inayolipwa, la sivyo harusi zitaingia.

*Mwenye nyumba hataki kurekebisha nyaya.* Piga picha, mpelekee ujumbe wa maandishi wa heshima, uweke nakala. Wakati unasubiri, punguza mzigo wa soketi na uzime swichi kuu kila usiku ikiwa huna friji.

*Umeme umekatika na samaki wamo.* Ikiwa bado wamegandishwa au wana barafu juu yao, ongeza barafu uwauze leo. Wakianza kulegea lakini bado ni baridi, wapasue, watie chumvi, waanike ng'onda. Wakishapata joto, hasa jodari, nguru na vibua, usiwapike uwauze: sumu inayojitengeneza kwenye samaki hao haitoki kwa kukaangwa, hata kama hawanuki.

*Maji yameingia dukani.* Usiguse swichi yoyote ukiwa umesimama kwenye maji. Umeme uzimwe kwanza, na mtu aliyekauka. Piga picha na video kabla ya kutoa hata gunia moja. Unga, sukari na mchele uliolowa maji ya mtaro tupa, usiuanike. Makopo yasiyobonyea wala kuvimba yaoshe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini, na uyaandike majina upya kwani karatasi zake zitatoka. Friji iliyoingiwa na maji ya bahari isiwashwe mpaka fundi aifungue, hata kama kwa nje imekauka.

*Simu ya biashara imezama au imeibwa.* Azima simu ya jirani, pigia kampuni wafunge laini saa hiyohiyo, kabla ya kuanza kutafuta simu yenyewe. Kisha chukua kitambulisho ukafanye laini mpya. Kama kitambulisho kilikuwa kwenye mkoba uleule wa simu, nakala iko ndani ya pipa. Itakusaidia kupata karatasi ya polisi ya kupotelewa na kuanza kuomba kingine, na wakati unasubiri utauza kwa pesa taslimu na penseli.